Baba wa Asubuhi na Baba wa Ijumaa

Wanangu, wapo kati yenu wanaosikiliza hatua za baba mlangoni kabla hawajamwamkia, na kwa hatua hizo tu wakajua usiku utakuwaje. Nataka kusema nanyi, ila nitapitia kwa watu wa mbali, maana ya mtaani kwetu nikiyataja mtaanza kuulizana ni nani anayesemwa.

Familia yenyewe ni ya kina McCourt wa Limerick, huko Ayalandi. Frank, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa New York mwaka 1930. Hali ilipokuwa ngumu, wazazi wakarudi kwao, naye alipofika utu uzima akaandika yaliyowapata katika kitabu Angela's Ashes kilichotoka 1996. Wapo wenyeji wa Limerick waliokikasirikia wakidai ametia chumvi, na ugomvi huo ni wao wenyewe. Mimi ninachojua ni kwamba mtoto wa mlevi akikisoma haambiwi na mtu kwamba haya ni kweli.

Margaret, mtoto mchanga, alifia Marekani. Walipofika Limerick mapacha, Oliver na Eugene, wakafuatana kaburini. Walipanga nyumba katika kichochoro cha Roden Lane, na kando ya mlango wao palikuwa na choo kimoja, cha kichochoro kizima. Baridi na mvua zikija, chini kulijaa maji, wakahamia ghorofani. Huko juu, kwa kuwa kulikuwa kukavu na kuna joto kidogo, wakakuita Italia. Mtu asiyelala njaa hudhani nyumba kama hiyo haina kicheko. Inacho, na kinauma.

Mtaniuliza: umaskini ndio ulioleta pombe, au pombe ndiyo iliyoleta umaskini? Baba yao, Malachy, alikuwa mtu wa Kaskazini, na lafudhi yake iliwakera waajiri wa Limerick. Kazi zenyewe zilikuwa haba. Lakini alipopata kazi, mshahara wa Ijumaa uliishia baa, Jumamosi akashindwa kuamka, na kazi ikaenda. Kisha kulikuwa na majivuno, jambo ambalo wanaume tunaliita heshima. Malachy hakuwa radhi kuonekana akiokota makaa yaliyodondoka barabarani, kwa hiyo aliyainamia mkewe Angela. Ni Angela pia aliyesimama foleni ya msaada kwenye Chama cha Mtakatifu Vincent de Paul, akavumilia maswali ya watu walioshiba.

Vita vya Pili vilipoanza, wanaume wa vichochoroni walivuka kwenda Uingereza kufanya kazi viwandani. Malachy naye akaenda Coventry. Jumamosi mleta simu za maandishi alipita mlango hadi mlango na hawala za fedha kutoka kwa wanaume hao. Fikirini watoto wamekaa wakimtazama anapiga hodi kwa jirani, kisha kwa jirani wa pili, kisha anapanda baiskeli na kwenda zake.

Na serikali nayo? Mwaka 1944 Ayalandi ilianza kutoa posho ya watoto, kwa mtoto wa tatu na wanaofuata. Aliyetambuliwa na sheria kuipokea ni baba. Ikafika 1974 ndipo ikaelekezwa kwa mama. Talaka haikuruhusiwa mpaka baada ya kura ya maoni ya 1995. Kwa hiyo kijana unayemlaumu mama yako kwamba angeondoka zamani, uliza kwanza angekwenda wapi na kwa fedha ya nani. Nawe ukianza kupata kipato, karo ilipe shuleni moja kwa moja, na ya unga mpe anayepika. Kumkabidhi mlevi fedha ukitumaini kwamba safari hii itafika si upendo, ni kamari.

Sasa lile gumu zaidi. Frank alimpenda baba yake. Asubuhi na mapema, wengine wamelala, Malachy aliwasha moto, akachemsha chai, akasoma gazeti, na mtoto akawa naye peke yake akisimuliwa habari za Cuchulainn, shujaa wa kale wa Ayalandi. Ijumaa usiku mtu huyohuyo aliwatoa watoto kitandani, wakasimama wima na kuapa kwamba watakufa kwa ajili ya nchi, na chakula hakuna. Msikubali kuambiwa mchague mmoja kati ya hao wawili. Baba wa asubuhi si uongo, wala wa Ijumaa si ndoto. Unaweza kumpenda mzazi na kumkasirikia siku hiyohiyo, na hupungukiwi adabu kwa hilo.

Lakini kumpenda hakukufanyi mlinzi wake. Alipozaliwa Alphie, mdogo wao wa mwisho, babu alituma paundi 5 za mtoto. Malachy akazinywa. Angela akamtuma Frank, naye mtoto bado, apite baa baada ya baa akimtafuta. Namwelewa mama yule, alikuwa ameishiwa njia. Hata hivyo nakwambia wewe uliyetumwa hivyo: kunywa kwake hukukuleta wewe, na kuacha kwake hakumo mikononi mwako. Alama zako za shule, utii wako, machozi yako, havina nguvu hiyo.

Wala usijidanganye kwamba aliyeyaona hayo hawezi kuyarudia. Frank alipotimiza miaka 16, mjomba mmoja alimpeleka baa akanywe bia yake ya kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya wanaume. Akarudi nyumbani amelewa, akamzaba mama yake kofi. Mama huyohuyo aliyeokota makaa. Ameandika mwenyewe, hakujificha. Mdogo wake, aliyeitwa Malachy kama baba, alikuja kuwa mwigizaji na mwenye baa New York, naye pombe ilimsumbua miaka mingi kabla hajaiacha. Basi rafiki akikucheka kwa kukataa glasi ya kwanza, mwache acheke.

Ayalandi hiyohiyo, mwaka 1946, kikundi cha kwanza barani Ulaya cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilianza Dublin. Vikundi vya namna hiyo vipo pia Afrika Mashariki, na vipo vya Al-Anon kwa ajili ya mke, mume na watoto wa mlevi, hata kama mlevi mwenyewe hataki kusikia habari za kuacha. Kama kwenu hakuna, mtafute shangazi, mwalimu au jirani anayejua kutunza siri, umwambie yanayotokea Ijumaa. Mwambie yote, na ya kofi pia.