Kama Nimelipa, Nashukuru Tena kwa Nini?

Mimi ni mwalimu wa historia na jiografia. Sijafika Japani hata siku moja. Lakini kila mwaka, somo la Asia likifika, ninachora ubaoni vile visiwa vinne vikubwa, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, na kila mwaka wanafunzi wananiuliza maswali ambayo hayako kwenye kitabu. Wale watu wanakula nini? Wanasalimiana namna gani? Kwa kutafuta majibu, mimi mwenyewe nikanaswa. Nilinunua sokoni kitabu cha zamani cha kujifunza Kijapani, kurasa zake za mwanzo zimeng'oka, na sasa ni miaka kumi na mbili ninakisoma usiku kisha kusahihisha daftari za wanafunzi. Bibi yangu anasema nimeleta mke wa pili nyumbani.

Katika maneno yote niliyojifunza, kuna moja linalonisumbua mpaka leo: itadakimasu. Mjapani analisema mbele ya kula, viganja viwili vimeunganishwa kifuani, ndipo anachukua vijiti vyake. Maana yake ni "ninapokea kwa unyenyekevu". Asili ya neno ni kuweka kitu juu ya kichwa, kama mtu anayeinua zawadi juu ili amheshimu yule aliyeitoa. Hapo sisi si wageni. Kwetu mtoto hapokei kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Koko alikuwa anatupiga kwenye vidole kwa kosa hilo.

Kisha kula, Mjapani anasema neno lingine, gochisosama. Ndani yake mna alama mbili za maandishi zenye maana ya kukimbia. Zinakumbusha mtu aliyekimbia huku na kule kutafuta chakula cha kumpa mgeni. Kwa hiyo meza inafunguliwa kwa shukrani, na inafungwa kwa shukrani.

Binti yangu aliposikia nikimweleza hayo, aliniuliza: "Papa, sasa banashukuruaka nani? Mungu?"

Swali ni zuri. Wajapani wengi, ukiwauliza, watakujibu kwamba wanashukuru kwanza kile kilichokuwa na uhai na sasa kimekuwa chakula: samaki, kuku, hata mchele. Pili, wanashukuru watu ambao mikono yao imekileta mpaka mezani. Sisi kwetu tunasali mbele ya kula, na sala yetu inapanda juu kwa Mwenyezi. Neno lao linatembea huku chini, kwa samaki na kwa mvuvi. Sioni kwamba njia hizi mbili zinagombana.

Mtu anaweza kucheka: kumshukuru samaki? Asikie basi habari hii. Katika kisiwa cha Omijima, mkoa wa Yamaguchi, kuna kijiji cha Kayoi ambacho watu wake waliishi kwa kuwinda nyangumi. Mara nyingine walipompasua nyangumi jike, walimkuta na mtoto tumboni. Mwaka wa 1692 waliwajengea watoto hao kaburi la jiwe, na hekalu likaandika majina ya marehemu kwa ajili ya nyangumi, kama yanavyoandikwa ya watu. Karibu na pale, katika mji wa Senzaki, alizaliwa mwaka wa 1903 mshairi Kaneko Misuzu, ambaye aliandika shairi juu ya wavuvi wanaofurahi pwani kwa wingi wa sardini, wakati chini ya bahari kuna matanga. Watu hao hawakuacha kuvua. Walikula na kushiba. Walichokataa ni kula kana kwamba hakuna aliyekufa.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe. Katika shule nyingi za msingi za Japani watoto wanakula pamoja darasani saa sita. Wanafunzi wa zamu wanavaa nguo nyeupe na kofia, wanawapakulia wenzao, na siku hiyo hiyo watoto wenyewe wanafagia darasa. Mbele ya kula, wote wanasema itadakimasu. Lakini mwaka wa 2005 kipindi kimoja cha redio kule Tokyo kilisoma barua juu ya mzazi aliyeiomba shule isimlazimishe mtoto wake kusema neno hilo. Sababu yake? Pesa ya chakula tumelipa sisi. Tumelipa, tunashukuru tena kwa nini? Nchi nzima ilibishana.

Kusema kweli, mzazi yule si mpumbavu. Ndivyo soko linavyofanya kazi. Unatoa franga, ninatoa fungu la mboga, tumemalizana. Hakuna mwenye deni. Mimi mwenyewe niliamini hivyo muda mrefu, na nitaeleza namna imani hiyo ilivyoniaibisha.

Mama yangu alikuwa anauzisha sambaza katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Sambaza hawakuwa wa ziwa letu la Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1960. Ni ndugu wa sardini, kama wale samaki wadogo ambao Wajapani wanawachemsha na kuwakausha ili wapate mchuzi wa supu yao. Wavuvi wetu wanawavua usiku kwa taa. Mama alikuwa anashuka ziwani mbele ya jua kutoka, ananunua beseni, na kupanda nayo mlima kichwani haraka, sababu sambaza hawangoji joto. Kwa sambaza hao nililipiwa minervali, toka shule ya msingi mpaka diploma ya taasisi ya ualimu.

Nilipopata kazi, kila mwezi nilimpelekea mama kitu kidogo, hata pale mshahara ulipochelewa. Moyoni nilijiambia: deni ninalilipa. Mwaka mmoja mbele ya kufariki kwake, akiwa tayari mgonjwa wa magoti, nilimwekea pesa mkononi kama kawaida. Akaitazama, akaniambia: "Franga unaletaka, mutoto wangu, aksanti. Lakini ule mulima, haukuniulizaka hata siku moja ulikuwa namna gani."

Sikupata jibu. Mpaka leo ninalitafuta, na nilipokutana na lile neno lenye alama za kukimbia, nilimwona mama na beseni yake.

Tuchunguze vizuri kitu gani kimo ndani ya bei. Mnunuzi wa Kadutu alilipa samaki, akalipa chumvi, akalipa faida ndogo ya mama. Magoti hayakuwamo katika bei. Uhai wa samaki pia haukuwamo: mvuvi hakuuumba, aliuchukua tu. Kwa hiyo katika kila sahani kuna sehemu iliyolipwa, na kuna sehemu ambayo hakuna mtu angeweza kuiuzisha. Bei inamaliza ile ya kwanza. Ile ya pili inabaki, na shukrani ni kukubali kwamba inabaki. Yule mzazi alikuwa na haki kusema amelipa. Alikosea kufikiri kwamba alilipa vyote.

Lakini nisiishie hapo, sababu sisi walimu tunajua hatari ya upande mwingine. Ni mara ngapi tumeambiwa "aksanti mwalimu, Mungu atakulipa", na mtu akaenda zake? Aksanti haijazi sufuria. Yule anayeweza kulipa na hataki, kisha analeta maneno matamu, ni mwizi mwenye adabu. Shukrani haikuja kuchukua nafasi ya malipo. Inaanza pale malipo yanapoishia.

Hatari ya tatu ni neno kufa mdomoni. Wajapani wenyewe, ambao wanasema itadakimasu kila siku, mwaka wa 2022 walitupa karibu tani milioni 4 na laki 7 za chakula ambacho kilikuwa bado kinafaa kuliwa. Wanalijua kosa hilo: mwaka wa 2019 walitunga sheria ya kulipunguza. Tena wana neno lingine, mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure, ambalo Mama Wangari Maathai wa Kenya alilipenda alipotembelea Japani mwaka wa 2005, akalitangaza duniani. Neno wanalo, na chakula kinatupwa. Tusiwacheke. Nenda kwenye harusi zetu: tunasali vizuri, tunajaza sahani, tunaacha nusu ya nyama, na wakati huo wamama waliopika toka usiku wanakwangua masufuria nyuma ya nyumba. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Punda angalau hakusali kwanza.

Basi, tuchukue neno la Wajapani tulilete hapa? Sioni haja. Nimelipenda neno hilo sana, lakini faida yake kubwa kwangu ni kwamba limenirudisha kwa yetu: mikono miwili ya kupokea, ile "karibu" tunayomwitia mpita njia tukiwa tunakula, na makofi madogo ambayo wazee walipiga kisha kushiba. Hayo yote tulikuwa nayo, tukayaona ni mambo ya kijijini.

Nyumbani kwangu tumeanza zoezi dogo. Kisha sala, kila mmoja anamtaja mtu mmoja aliyekimbia ili chakula kifike. Kwanza watoto walicheka. Sasa wanataja yule mama wa makala, dereva wa lori la unga, mama yao aliyepuliza moto. Mdogo siku moja akasema: "Mimi, sambaza." Zamu yangu ikifika, ninautaja ule mlima.

Tena sasa, ninaponunua sambaza kwa wamama wa Kadutu, ninalipa bei bila kuvuta sana, kisha ninauliza wameamka saa ngapi. Wengine wananishangaa. Wengine wanaweka beseni chini na kunieleza.

Wazee mnaosoma kurasa hizi, ninawaomba kitu kimoja. Mtuambie: kwenu, zamani, mtu alisema nini mbele ya kula na kisha kula, na alimwambia nani? Tuyaandike wakati mngali nasi.