Pale Tunapopaacha Wazi

Upande mmoja wa uwanja wa voliboli una mita 9 kwa 9, yaani mita za mraba 81, na walinzi wake ni 6. Wawili wakiruka wavuni kujenga ukuta wa mikono, wanabaki wanne, na mpira uliopigwa kwa nguvu hausubiri mtu akimbie. Ndiyo maana kocha, kabla hajauliza pazibwe wapi, huuliza paachwe wapi.

Wazuiaji wakikubaliana kufunga njia ya mstari wa pembeni, nyuma yao huzuka kivuli, eneo lisilofikiwa na mpira mkali. Mlinzi asiyefundishwa hujibanza humo kama mtu anayekinga mvua. Aliyefundishwa hutoka, akasimama mshazari, mahali ambapo ukuta haupo na mshambuliaji anamwona waziwazi. Mwingine husogea karibu kungojea mpira wa hila unaosukumwa polepole juu ya mikono. Wa nyuma katikati, kwa timu nyingi, hukaa karibu na mstari wa mwisho, maana mpira uliogusa mikono ya wazuiaji hupaa huko.

Huyu wa mshazari amesimama kwa kuamini neno la wenzake. Sasa mzuiaji akichangamka, akapeleka mikono ndani kwa bidii yake mwenyewe, pengine atauzima mpira huo mmoja. Asipouzima, utapita kwenye njia aliyoahidi kuifunga, na wote nyuma yake watakuwa mahali pasipofaa bila kosa lao. Mimi namlaumu huyo kuliko mvivu. Mvivu angalau tunajua hatafika.

Sifa, hata hivyo, huenda kwa anayeanguka. Wanawake wa Japani walioshinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 chini ya Hirobumi Daimatsu wanakumbukwa kwa kujiviringisha sakafuni. Libero, yule mchezaji wa kazi ya ulinzi tu aliyeingizwa kwenye kanuni za kimataifa mwaka 1998, amevishwa jezi ya rangi tofauti, kwa hiyo hata macho yetu yameelekezwa kwake. Aliyefunga mstari mpaka mshambuliaji akalazimika kugeukia mshazari, akamkuta libero, hajaugusa mpira kabisa. Je, alifanya kazi? Naona ndiye aliyeuchagulia mpira njia.

Kisha kuna pointi zinazopotea kihalali. Mpira unatua palepale palipoachwa, na mpango ulikuwa sahihi. Timu changa haivumilii jambo hilo: ikipigwa mara mbili pembeni, kila mtu anahamia pembeni, na mshazari unabaki mtupu. Kocha mwenye moyo hukubali hasara hiyo kwanza, akapima mipira mingapi imezimwa kwingineko kwa sababu ya uwazi huo. Akiona mshambuliaji amelizoea tundu, hapo anabadilisha, lakini wote sita wanaambiwa, na wanaambiwa kabla mpira haujaanzishwa.