Mtu Katikati ya Simu na Mita

Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, zikiisha usiku, simu na mita huhitaji mtu wa kuzipatanisha. Simu imepokea namba yenye tarakimu 20; mita inaisubiri; na vyombo hivyo viwili haviongei. Basi mtu husimama katikati, akasoma tarakimu nne kwenye simu, akazishika kichwani, akazibonyeza ukutani, kisha akarudi kuchukua nyingine nne. Tochi yake ni simu hiyohiyo, na inamulika kila upande isipokuwa anaoutaka. Akikosea tarakimu moja, mita inakataa, aanze upya.

Mtu huyu pale katikati ni nani? Mnunuzi si yeye tena, maana ameshalipa. Fundi naye si yeye, kwani hatengenezi chochote. Nikitafuta jina la haki, naona amegeuzwa waya: kazi yake ni kupitisha ujumbe aliokatazwa kuuelewa, kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Kabla ya kulaumu, tutenganishe mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Ugumu ni ukinzani wa kazi yenyewe. Anayejifunza kusuka ukili huumia vidole, lakini kila kosa humwachia ujuzi, na mkeka ukikamilika humwambia kwamba hakuumia bure. Usumbufu ni ukinzani usiomwachia mtu kitu. Aliyebonyeza namba za umeme kwa miaka kumi hajawa bingwa wa lolote. Ndiyo maana ugumu huweza kupendwa, hata kukumbukwa kwa fahari, ilhali usumbufu husahaulika mara taa inapowaka. Na huko kusahaulika, nadhani, ndiko kunakourefushia maisha.

Jibu jepesi ni kwamba waliobuni hawakujali. Mimi silikubali lote. Mfumo huu, wenye asili ya Afrika Kusini na unaotumika pia Kenya na Uganda, uliundwa ili mita ifanye kazi hata pasipo na mtandao wowote. Namba ya tarakimu 20 inaweza kuandikwa kwenye karatasi. Inaweza kusomwa kwa sauti. Kijana aliye Dar es Salaam humnunulia mama yake umeme kijijini, akampigia na kumtajia nne nne, naye mama akamwita mtoto wa jirani aje abonyeze. Hapo kasoro na wema vimetoka katika uamuzi mmoja, na sijui ungeondoaje cha kwanza bila kugusa cha pili.

Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta Mmarekani aliyefariki mwaka 2020, alishikilia kwamba kila kazi ina kiasi fulani cha utata kisichoondoleka. Huweza tu kuhamishwa, aubebe mbunifu au aubebe mtumiaji. (Ni Tesler huyohuyo tunayemshukuru kwa kunakili na kubandika maneno, neema isiyofika kwenye mita.) Tukimfuata, swali linageuka. Hatuulizi tena kwa nini kuna usumbufu, tunauliza uliamuliwa umwangukie nani. Ukiitazama mita utaona jibu: imefungwa juu ukutani, pengine nje juu ya nguzo, vitufe vyake vidogo. Inamfikiria mtu mrefu kiasi, mwenye macho mazuri, asiyetetemeka mikono. Kila chombo kina mtu kilichomkusudia, na wengine wote hukitumia kwa kujipinda.

Ajabu ni kwamba anayejipinda hujilaumu mwenyewe. Bibi aliyekosea mara mbili hasemi kwamba vitufe ni vibaya, husema, "Mimi haya mambo siyawezi, mwanangu." Kwa nini? Huenda kwa sababu chombo hakina uso wa kulaumiwa. Mtu akikukosea unamjua, unamwambia. Chombo kinakukosea kikiwa kimenyamaza, na penye kimya cha namna hiyo mtu hujaza kosa lake mwenyewe.

Kuna jambo jingine, la wakati. Kila namba ya umeme ilibeba ndani yake hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walipewa namba mbili za ziada, waziingize kwanza, ndipo waingize ya umeme walioununua: tarakimu 60 kwa pamoja. Waliopima nafasi ile waliona miaka 31 inatosha. Inamtosha nani? Thamani, kama naielewa, ni kile ambacho mtu yuko tayari kukihesabu; na mwenye kuunda mfumo huhesabu vifaa vyake, mitambo yake, mishahara yake. Dakika tano za mama aliyepanda juu ya kigoda hazimo katika daftari la mtu yeyote. Zikiwa ndogo hivyo kwa kila mmoja, hakuna anayeziona kuwa gharama, ingawa mamilioni ya watu walizilipa katika msimu mmoja.

Sasa zipo mita zinazopokea uniti zenyewe, mtu akishalipa basi. Mtoto wa jirani hataitwa tena kubonyeza, na bibi hatajiona mjinga. Lakini mita inayosikia kutoka mbali husikia pia amri nyingine zaidi ya ile niliyoilipia, na mtu aliyetolewa katikati ametolewa vilevile mahali ambapo angeweza kuona kinachopita. Mimi nikipewa ya namna hiyo nitaipokea, sikatai. Ila kwanza ningependa kuambiwa ni nani mwingine anayeweza kusema nayo.