Nishani za Marehemu: Ni Mali au Ni Amana?

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba wake. Amma baadu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mombasa, alinijia baada ya sala ya alasiri, mkononi ana mkebe wa biskuti uliopata kutu. Ndani ya mkebe mlikuwa na nishani tatu, kitabu cha mshahara cha askari, cheti cha kuachwa jeshini, na barua saba zilizofungwa kwa uzi. Vyote alivinunua kwa muuza vyuma vikuukuu. Kijana huyu hupenda kukusanya athari za askari wetu waliokwenda katika vile vita vikuu viwili, na mtu wa ng'ambo alikuwa amekwisha kumwahidi bei nzuri kwa zile nishani peke yake, bila ya karatasi. Akaniuliza: "Maalim, kazi hii niifanyayo ni halali, au nala mali ya wafu?"

Suala hili si dogo. Na kwa kuwa wengi wafanyao kazi hii hawaliulizi, nimeona yafaa kulijibu kwa wino, ili faida yake ienee.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe. Nishani walizopewa askari wa Keya, yaani wa King's African Rifles, si za namna moja. Ile ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918, yenye utepe wa rangi ya machungwa katikati, iliandikwa ukingoni namba ya askari, na cheo chake, na jina lake, na kikosi chake. Hata ikitupwa jaani, bado yasema ni ya nani. Ama nishani za vita vya 1939 hadi 1945 zilizotolewa na serikali ya Uingereza, hizo hazikuandikwa jina. Nyota ya Burma ina pembe sita na utepe wa buluu, nyekundu na machungwa, lakini hapana awezaye kuitazama akajua ilivaliwa na nani. Jina la mwenyewe limo katika karatasi, halimo katika madini. Basi mwenye kuitenga nishani hiyo na karatasi zake ameifanya bubu, na haitasema tena hata siku moja.

Wala karatasi si kitu cha kudharauliwa. Husimuliwa kwamba katika mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa wazee waliokuwa askari wa Wajerumani katika Tanganyika, walikusanyika Mwanza wazee wapatao 350, na wenye vyeti walivyopewa mwaka 1918 walikuwa wachache tu. Wengine walileta vipande vya nguo zao za zamani. Wasiokuwa na kitu, yasemwa, walipewa ufagio washike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, ndipo wakajulikana. Tazama jinsi haki ya mtu mzima, iliyokaa zaidi ya miaka arobaini, ilivyotegemea karatasi moja iliyosalimika na mchwa.

Huenda mtu akasema: Jina la marehemu lina faida gani leo? Nasi twamjibu: mwulize aliyelipoteza. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa wale wapagazi wa vita vya kwanza waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Mtaa wajulikana na kila mtu, na wapagazi wenyewe hawajulikani. Masanamu ya askari yaliyosimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam baada ya vita hivyo ni kumbukumbu ya wote kwa jumla, hayakuorodhesha majina ya waliokufa. Na katika mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola ishughulikayo na makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na ya kuwa huenda hesabu ikafika 350,000. Ikiwa wenye madaftari walishindwa kuyahifadhi majina, basi lile lililomo ndani ya mkebe wa kutu ni hazina, nayo haipimwi kwa ratili.

Wako na wasemao: Hizi ni nishani za mfalme aliyetutawala, kuzihifadhi ni kuutukuza utawala wake. Neno hili lina ukweli ndani yake, nami silipuuzi. Askari yule yule aliyerudi Kenya na nishani kifuani alilazimishwa, katika miaka ya 1920, kuvaa shingoni mkebe wa kipande kama Waafrika wenziwe, na akitembea bila ya hicho kipande alipata adhabu. Lakini mambo haya mawili hujulikana vema yakiwekwa pamoja. Mwenye kuitupa nishani kwa sababu ya hasira ameitupa na hoja yake. Atatoa wapi ushahidi kwamba mtu huyu alipigana kwa ajili yao, kisha wakamfanyia yale waliyomfanyia? Kukihifadhi kitu si kukisujudia. Kadhi huhifadhi hati ya batili pamoja na hati ya haki, kwa kuwa hukumu yahitaji zote mbili.

Sasa tuingie katika uhalali wa kununua. Mali ya maiti ni ya warithi wake, nao wana ruhusa kuiuza. Mjane aliyeuza nishani ya mumewe apate unga wa watoto hana lawama, na amlaumuye na ajiulize alikuwa wapi siku ile ya njaa. Lawama i juu ya mnunuzi ajuaye thamani ya kitu na kumficha asiyejua, kwani hiyo ni ghashi, hata ikiwa muuzaji ameridhika. Na lawama kubwa zaidi i juu ya mwenye kuziyeyusha. Fedha ilipopanda bei katika mwaka 1980, nishani nyingi za vita vya kwanza ziliingia katika tanuri pamoja na majina yaliyokuwa ukingoni mwake. Aliyefanya hivyo alipata uzito wa fedha, akapoteza mtu.

Yamebaki mambo ya barua, nayo ndiyo mazito kuliko yote.

Barua ina mwandishi na ina mwandikiwa, na mtu wa tatu hana haki nayo ila kwa dharura. Kufa kwa mwandishi hakuzifanyi siri zake kuwa mchezo wa barazani. Kwa hiyo nalimwambia kijana: "Hizi tusizisome ila kwa kumtafuta mwenyewe." Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika wazee wetu, naye kijana herufi hizo hakuzijua. Alikuwa ameinunua sauti ya mtu asiyoweza kuisikia. Nikazisoma. Mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, alivuka bahari mpaka Ceylon, kisha akaingia Burma mwaka 1944 pamoja na jeshi la Afrika Mashariki lililoteremka bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Aliandika habari za tope, na kumwuliza mamake, na kuagiza salamu. Na katika barua ya tano, aliyomwandikia nduguye, mlikuwa na neno hili kwa maana yake: kwamba rafiki yake wa kikosi, akamtaja jina na kijiji, amemkopesha shilingi arobaini, na ya kuwa yeye akifa, nduguye amlipie.

Hapo nikanyamaza. Kwani katika sheria yetu mali ya maiti haigawanywi mpaka yamalizike mazishi yake, na madeni yake, na wasia wake. Deni latangulia mirathi. Basi karatasi ile ambayo mtu wa ng'ambo aliiona haina bei, na muuza vyuma aliiona takataka, ndiyo iliyokuwa na haki ya mtu. Cheti chaonyesha kwamba mwenyewe alirudi salama mwaka 1946. Huenda alilipa kwa mkono wake, na huenda hakulipa. Lakini shaka ya deni haiondoki kwa kukunja karatasi.

Na hili ndilo jibu la suala. Mwenye kuzikusanya nishani na karatasi za marehemu, hata akizinunua kwa fedha zake halali, haviwi vitu hivyo kama jembe au kiti alichonunua sokoni. Madini ni mali yake, lakini jina lililomo ni amana, na habari iliyomo ni ushahidi. Amana hurejeshwa, na ushahidi haufichwi. Mwenye kukubali mambo haya mawili, kazi yake ni njema na twamwombea thawabu. Asiyeyakubali na aiache, kwani atakusanya mizigo ya watu shingoni mwake naye adhani akusanya mapambo.

Kijana alifanya nini? Alirudi kwa muuza vyuma, akaulizia mkebe ulitoka nyumba gani. Ukaonekana kuwa wa mjukuu wa kike wa marehemu, aliyeuuza siku alipohama nyumba, kwa kuwa zile barua hakuna aliyeweza kuzisoma kwao. Tukaenda. Nikamsomea barua ya babu yake mbele ya watoto wake, naye akalia. Akauchukua mkebe wote, akamrudishia kijana fedha zake, na kijana hakutaka kuzipokea mpaka alipolazimishwa. Bei ya mtu wa ng'ambo ikampita. Yeye alibaki na picha za zile karatasi, kwa ruhusa ya wenyewe, na jina la askari katika daftari lake. Ama shilingi arobaini, ukoo umeanza kuwatafuta warithi wa mkopeshaji katika kijiji kilichotajwa. Wasipoonekana, wataitoa thamani yake sadaka kwa niaba yake, kama walivyosema wanavyuoni.

Basi ewe ndugu mwenye kukusanya, shika haya. Uandike ulikipata wapi kila kitu, siku gani, na kwa nani. Usizitenge nishani na karatasi zake, wala usiuze kimoja ukaacha kingine. Uwatafute warithi kabla ya kumtafuta mnunuzi. Siri uzifunike, na haki za watu uzifunue. Usizitundike sebuleni ili wageni wakusifu kwa ushujaa wa mtu mwingine. Na ukiona umri wako wapungua, uusie mkusanyo wako kwa mtu mwaminifu au kwa nyumba ya serikali ya kuhifadhi hati, usije nao ukauzwa kwa ratili.

Nawe mwenye mkebe wa babu yako juu ya kabati, uteremshe leo. Kama huwezi kuzisoma herufi zake, mtafute mzee azijuaye angali hai. Huenda mna salamu tu ndani yake, na huenda mna deni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa mbali na makwao, waliozikwa na waliozama baharini, waliotajwa na wasiotajwa, kwani kwake hapana jina lililopotea. Wabillahi tawfiki.