Kunyamaza si Kufuta

Kati ya riwaya za miaka ya karibuni, mbili ndizo ninazozirudia zaidi: Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, na Nostalgia ya M. G. Vassanji, ya mwaka 2016. Ya kwanza inatazama nyuma, kwenye utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki na maisha ya waliousalimika. Ya pili inatazama mbele, kwenye Toronto ya kubuni ambamo mwenye uwezo huongezewa umri kwa sharti kwamba kumbukumbu zake zifutwe na apandikizwe nyingine. Moja ni ya historia, nyingine ni bunilizi ya kisayansi, lakini zote mbili zinatuachia swali moja: je, mtu ana haki ya kusahau alikotoka?

Kwa Mswahili wa Toronto hilo si swali la vitabuni tu. Vassanji mwenyewe alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, kisha akafanya makao Toronto. Maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walipokewa Kanada. Kwa aliyepitia hayo, kuanza upya ni rehema. Hatuna mamlaka ya kumlazimisha awe ghala la mateso yake ili sisi tupate cha kusoma. Hoja hiyo ni nzito, na utetezi wowote wa kumbukumbu usioijibu hautasimama.

Jibu nalipata kwa Gurnah. Hamza anarudi kutoka uaskari akiwa na jeraha mwilini, wala yaliyompata hayasimulii kwa wepesi. Msomaji hamlaumu. Lakini mkewe, Afiya, ana kaka, Ilyas, aliyejiunga na jeshi hilohilo asirudi, naye anamngoja miaka na miaka. Hatimaye ni mtoto wao, aliyepewa jina la mjomba wake, anayefuatilia habari zake hadi Ujerumani na kugundua kwamba alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Kisa hicho hakiko mbali na historia: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alifia katika kambi hiyo mwaka 1944.

Hamza alinyamaza, hakufuta. Ukimya wake uliacha mlango ambao mwanawe aliweza kuupitia. Katika Toronto ya Vassanji mlango huo umezibwa: aliyefutwa hawezi hata kuulizwa, na anayemngoja anamngoja mtu asiyekuwapo tena. Ndiyo maana kumbukumbu za Presley Smith zinapoanza kuvuja, daktari wake, Frank Sina, anakabiliwa na jambo kubwa kuliko ugonjwa. Ng'ambo ya mpaka ipo nchi ya mafukara iitwayo Maskinia, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Ni rahisi kuishi milele ukiwa huna deni kwa yeyote wa huko.

Hapo ndipo ninapouona mpaka wa haki. Maumivu ni ya mwenyewe, naye anaweza kuyafungia kinywa. Yaliyotokea, hata hivyo, si yake peke yake: dada anayengoja ana fungu lake, na mtoto ambaye hajazaliwa ana lake. Basi wazee wetu wasiotaka kusema tuwaache na ukimya wao. Barua zao, picha zao, na majina waliyoyaandika nyuma ya picha hizo, tusivitupe.