Sukari ya Mpakani na Heshima ya Sinia

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake Muhammad na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, alinijia mtu katika jamaa zetu baada ya sala ya alasiri, ameshika karatasi ya daktari. Damu yake ilipimwa asubuhi kabla hajala kitu, sukari ikaonekana 6.4 kwa hesabu ya milimoli katika lita. Akaniuliza: "Maalim, mimi ni mgonjwa au ni mzima?" Wenziwe barazani walikuwa wamekwisha kumjibu kuwa ni mzima, maadamu hakuandikiwa dawa, na jioni ile ile wakamsogezea sahani ya halua.

Jawabu ni kuwa yu mpakani. Mwenye 7.0 na zaidi, akapimwa tena siku nyingine ikawa ni hivyo, ana ugonjwa wa kisukari. Mwenye 6.1 hata 6.9, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ameupita mpaka wa uzima wala hajafika katika maradhi. (Waganga wa Marekani huanza kuhesabu tangu 5.6.) Mtu huyu haumwi na kitu, hulala vema na huamka vema, na hiyo ndiyo hatari yake.

Na sababu yake ni hii. Wali, mkate, muhogo na kila kitamu hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari hiyo mlango ipate kuingia katika nyama za mwili. Mafuta yakizidi tumboni na katika ini, mlango huwa mzito, na kongosho hushurutika kufanya kazi zaidi ya kawaida yake, mpaka siku itakapochoka. Mafuta yakipungua, mlango hulegea.

Wako wasemao: "Yote ni kudura, aliyeandikiwa ataugua tu." Neno ni la kweli, walakini wamelitia mahali pasipo pake. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham, alifika Sargh akapata habari ya tauni, akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamkabili kwa hoja hiyo hiyo ya kudura, na Umar akambainishia kuwa kuikimbia tauni nako ni katika kudura ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na rai yake. Basi wale walikuwa wakubwa wa imani kuliko sisi, wala hawakuifanya kudura kuwa mto wa kulalia.

Na sababu za kujiokoa zimekwisha kujulikana. Huko Marekani walichukuliwa watu zaidi ya 3,000 wenye sukari ya mpakani, na habari yao ikatangazwa mwaka 2002. Katika waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, walioingia katika kisukari walikuwa kama 11 kwa kila 100 kila mwaka. Waliopewa dawa ya metformini walikuwa kama 8. Waliopunguza chakula na uzito na wakatembea dakika 150 kwa juma walikuwa kama 5. Na waliofaidika zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea; basi mzee asiseme wakati wake umepita. Uzito waliotakiwa kupunguza ni sehemu 7 katika 100, yaani mtu wa kilo 90 apunguze kama kilo 6. Si lazima awe mwembamba kama ufito.

Sasa nije katika lile linalotushinda. Yule bwana alinambia: "Maalim, nyumbani naweza. Nitafanyaje harusini?" Na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, kwa kuona haya. Twadhani kuacha wali wa mtu ni kumvunjia heshima. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuitika mwaliko wa karamu ya harusi ni wajibu kwa asiye na udhuru. Ama kula, kauli iliyo sahihi ni kuwa si wajibu. Mtume (s.a.w.) amemwachia mwalikwa hiari: akitaka atakula, na akitaka ataacha. Basi nenda, kaa, mwombee dua mwenye shughuli, umetimiza haki yake yote. Na ukila, sunna ni kula kilicho mbele yako, kama alivyofundishwa yule kijana aliyekuwa akipeleka mkono wake huku na huku katika sinia. Aliyeshika adabu hii hapati kuzimaliza nyama za upande wa pili. Nawe mwenye shughuli, usimwapize mgeni wako kwa Mungu kuwa lazima aongeze. Kumshurutisha hivyo si ukarimu.

Nyumbani nako usimlaumu mkeo apikaye, kwa kuwa wewe ndiwe uletaye kikapu cha sokoni. Leta samaki, mchicha, kunde. Wali uwe kidogo, wala usifuatane na chapati katika mlo mmoja. Mahamri ya kila asubuhi yawe ya siku mojamoja, na chai uizoee bila sukari. Siku kumi za mwanzo ni nzito, baadaye ulimi husahau. Kahawa chungu ya barazani haina neno. Lenye neno ni kile kipande cha halua kinachoitangulia. Sharubati nazo na maji ya miwa ni sukari inywewayo, na hupita kooni upesi mtu asihisi kuwa amekula. Na mwenye msikiti mbali aushukuru umbali wake, aende kwa miguu.

Ramadhani imekuwa kwetu mwezi wa kunenepa, nami naliona jambo hili kuwa aibu. Mtu hufunga mchana kutwa, kisha hufuturu kwa kaimati, tambi za sukari na viazi vitamu vya nazi, mpaka tarawehe inamshinda. Tende chache na maji, kisha sala, ndipo chakula. Hivyo tumbo hupata kutulia kabla ya sinia.

Yule bwana nimemwambia apimwe tena kwa wakati atakaoambiwa na daktari wake, wala asiache mwaka ukapita. Ama aliyekwisha kupita mpaka akapewa dawa, dawa yake nayo ni katika sababu; asiiache kwa ajili ya karatasi hii, na kabla ya kufunga amuulize daktari wake. Wabillahi ttawfiq.