Soksi Kavu

Mwaka 1984 nilikuwa kuruta wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa mujibu wa sheria. Mwenzetu mmoja alichelewa gwaride. Afande hakumgusa, aliamuru kombania nzima turuke kichurachura mpaka magoti yakatetemeka. Nilimchukia mwenzetu, na afande zaidi.

Usiku, ndani ya hanga, nilimsikia mwenzetu yule akilia kimyakimya. Visigino vyake vilikuwa vimechubuliwa na buti, soksi zimegandwa na damu. Nikampa zangu kavu. Alfajiri tulimwamsha wenyewe, mmoja akimfunga kamba za buti.

Kanisani nilifundishwa tangu utotoni kumpenda jirani. Lakini je, upendo uliozaliwa kwenye adhabu ni upendo kweli? Mimi nasema ndiyo. Afande aliamuru turuke. Soksi hakuziamuru mtu.

Mwaka 1991 mwenzetu yule alisimamia ndoa yangu.